Kanisa jeupe la mbao hapa Farmington, Connecticut: Kongregesheni ni dhehebu gani, na ni kweli watu wa meli ya Amistad walisali humu?

NangaMoshi ameandika:

Habari zenu wakuu. Mimi Mtanzania naishi Connecticut mwaka wa tatu sasa, kazi yangu kutunza wazee majumbani. Tangu mwezi wa tisa nimepangiwa bibi mmoja wa miaka 91 hapa Farmington, kamji kadogo tu, barabara kuu moja yenye nyumba za mbao za zamani na miti mikubwa, na katikati kuna kanisa jeupe la mbao lenye mnara mwembamba mrefu. Jumapili namsukuma bibi kwenye kiti chake cha magurudumu mpaka kanisani, nakaa naye mpaka mwisho wa ibada ndo tunarudi.

Sasa mimi ni Mlutheri wa kuzaliwa, ubatizo na kipaimara vyote KKKT, kwahiyo nilivyoingia mara ya kwanza nikawa natafuta vitu nilivyovizoea sivioni. Hamna vioo vya rangi, hamna picha, ni madirisha makubwa meupe tu mwanga unaingia wote, na roshani imezunguka pande tatu juu. Mwisho wa ibada likatoka tangazo kwamba wiki ijayo washarika wote wabaki kupiga kura ya bajeti. Nikamuuliza bibi njiani, askofu wenu ni nani? Akasema hatuna, hatujawahi kuwa naye. Nikauliza makao makuu yako wapi, akanionyesha kidole nyuma tulikotoka, pale pale kanisani.

Lililonifanya niandike hapa ni jingine. Juzi tunatoka, pale mlangoni akanishika mkono akasema watu wa kwenu walisali humu, wale waliotoka kwenye meli, na mmoja yuko makaburini huko bondeni. Nikamuuliza meli gani, akasema Amistad, halafu akachoka akasinzia na mimi sikutaka kumsumbua. Nimekaa na hilo neno wiki nzima. Nilisikia jina Amistad zamani lakini sikujua kama lina uhusiano na kanisa wala na kamji kama haka. Naomba mwenye kujua anisaidie, hili dhehebu likoje na hao watu wa meli walikuja kufanya nini Farmington?

MwalimuMstaafu ameandika:

Binti yangu, pole na kazi, kumtunza mzee wa miaka 91 si mchezo. Nimefundisha historia ya kanisa chuo cha Biblia miaka mingi nitajibu upande wa dhehebu, hayo ya meli nawaachia wengine.

Kwa lugha yako ya Kilutheri ni rahisi kukueleza. Chukua usharika mmoja, toa dayosisi, toa askofu, toa mkuu wa jimbo, toa ofisi yoyote iliyo juu yake. Kilichobaki, yaani washarika wenyewe na agano lao na mchungaji waliyemchagua wao, hicho ndo Kongregesheni. Jina lenyewe maana yake ni kusanyiko. Imani yao ilikuwa kwamba Wakristo wachache wakifanya agano mbele za Mungu hilo tayari ni kanisa kamili, halipungukiwi na kitu. Linaita mchungaji lenyewe, linaweza kumwondoa lenyewe, mali ni yake. Makanisa jirani wanaweza kukutana na kushauri lakini ushauri si amri. Mwaka 1648 viongozi wao wa Massachusetts na majirani waliyaandika haya kwenye waraka unaoitwa wa Cambridge, mpaka leo ukisoma unaona jinsi walivyokuwa na hofu ya maaskofu, maana hao ni Wapuritani waliokimbia Uingereza ambako askofu alikuwa na mkono wa serikali nyuma yake.

Sasa Farmington. Mwaka 1636 mchungaji Thomas Hooker aliondoka na washarika wake karibu na Boston wakapita porini kwa miguu kwenda mto Connecticut, watu kama 100 na ng'ombe 160, mke wake mgonjwa amebebwa kwenye machela, maziwa wanakamua njiani wanakunywa. Hao ndo walianzisha Hartford. Miaka minne baadae, 1640, baadhi yao wakasogea magharibi kwenye bonde la rutuba lililokuwa la Wahindi Wekundu wanaoitwa Tunxis. Mji ukapewa jina Farmington 1645. Kanisa likaundwa rasmi 1652, wanaume saba wakasimama wakafanya agano, mmoja wao Roger Newton akawa mchungaji wa kwanza, na alikuwa mkwe wa Hooker. Aliyemfuata ni Samuel Hooker, mtoto wa yule yule Hooker. Kwahiyo unaona ni ukoo na kanisa na mji, vyote kitu kimoja.

Na hilo ndo watu wengi hawalielewi. Jengo waliliita nyumba ya mikutano, Jumapili ni ibada na siku nyingine humo humo wanajadili uzio wa mifugo na barabara. Na kila mkazi alitozwa kodi ya kumlipa mchungaji, awe anasali hapo au hasali, wakaja baadae kuruhusu Wabaptisti na Waanglikana kupata vyeti vya kuondolewa kodi hiyo lakini mfumo wenyewe ulikufa 1818 tu, Connecticut ilipopata katiba mpya. Watu waliokimbia kanisa la serikali wakajenga kanisa la serikali! Huwa nawaambia wanafunzi walikumbuke hilo.

Jengo unaloingia wewe ni la tatu, lilijengwa 1771 na fundi wa hapo hapo anaitwa Judah Woodruff. Mchungaji wa enzi hizo za meli alikuwa Noah Porter, alianza 1806 akakaa miaka 60 kwenye mimbari moja. Na nyumbani kwake, mwezi wa tisa 1810, ndo kilifanyika kikao cha kwanza cha bodi ya Marekani ya umisionari wa nchi za nje, ile iliyopeleka wamisionari India 1812 halafu Hawaii. Kamji kadogo lakini macho yalikuwa mbali.

Dereva_NewHaven ameandika:

Shikamoo mwalimu, umeeleza poa sana. Dada Nanga mimi ni Mkenya naendesha lori hapa, nimeishi New Haven miaka kumi na moja na hii stori naijua kwa sababu sanamu ya Sengbe Pieh, kiongozi wa hao watu wa meli, iko mbele ya siti holi yetu, mahali ambapo jela ilikuwa. Wacha nikupe yote manake ukiikata kata haishiki.

1839 watu waliuzwa huko Sierra Leone, wengi wao wa kabila la Wamende, wakapakiwa pwani sehemu inaitwa Lomboko wakapelekwa Havana. Hiyo tayari ilikuwa haramu, Uhispania ilikuwa imesaini mkataba wa kutoingiza watu wapya kutoka Afrika, lakini Kuba walikuwa wanawapa majina ya Kihispania kwenye makaratasi ionekane walizaliwa hapo. Wawili wakanunua, José Ruiz akachukua wanaume 49 na Pedro Montes watoto wanne, wasichana watatu na mvulana mmoja. Wakawapakia kwa meli ndogo ya matanga, Amistad, kwenda mashamba ya miwa upande mwingine wa kisiwa.

Kwa meli mpishi akawatania kwa ishara kwamba wakifika watachinjwa waliwe. Unajua mtu ametoka kwao hajui anapelekwa wapi, neno kama hilo linaingia. Sengbe, ambaye Wamarekani wanamwita Cinqué, akapata msumari akafungua minyororo, na usiku wa kuamkia tarehe 2 mwezi wa saba wakachukua visu vya kukatia miwa vilivyokuwa kwenye mzigo. Mpishi na kapteni wakauawa. Montes wakamwacha hai aendeshe meli, wakamwambia fuata jua linapotoka, manake walijua walikuja wakiwa wameliacha nyuma. Mchana Montes anaelekea mashariki polepole, usiku anageuza kaskazini. Karibu miezi miwili, maji yameisha, watu wanakufa, hadi tarehe 26 Agosti meli ya serikali ya Marekani ikawakamata Long Island wakaletwa Connecticut.

Hapa New Haven wakafungwa jela na watu walikuwa wanalipa kiingilio kuja kuwaangalia, watu maelfu. Na hakuna mtu hata mmoja anawaelewa lugha. Sasa sikia hii, mimi ndio hunigusa zaidi. Profesa mmoja wa Yale anaitwa Josiah Gibbs akaenda jela akainua kidole kimoja, viwili, vitatu, wakamwambia majina ya hesabu kwao, akakariri moja hadi kumi. Halafu akaenda bandarini New York akawa anatembea gatini anahesabu kwa sauti kwa Kimende, mpaka mabaharia wawili Waafrika wa meli ya Kiingereza wakageuka. Mmoja alikuwa James Covey, kijana Mmende aliyewahi kutekwa yeye mwenyewe. Akaletwa jela, na wale watu waliposikia mtu anaongea lugha yao pale mlangoni walipiga kelele za furaha. Kama umewahi kukaa hospitali ya huku unaumwa na hakuna mtu anajua Kiswahili, halafu anatokea mfagiaji anasema "habari yako mama", utaelewa hiyo kelele ilikuwaje.

Kesi ikaenda hadi mahakama ya juu kabisa, John Quincy Adams aliyekuwa rais zamani akawatetea akiwa mzee wa miaka 73. Mtoto Kale, ambaye alikuwa amejifunza Kiingereza jela, akamwandikia barua Januari 1841 amuombe aulize korti wao wamekosa nini na kwa nini Wamarekani wanawaweka gerezani. Tarehe 9 Machi 1841 wakaachiwa huru.

Huru kwenda wapi? Hapo ndo Farmington inaingia. Jaji wa chini alikuwa amesema rais awarudishe kwao, mahakama ya juu ikafuta hiyo sehemu, ikasema ni watu huru basi, waende. Nauli hakuna, meli hakuna, serikali haidaiwi kitu. Kamati ya wapinga utumwa ikatafuta pahali pa kuwaweka na Farmington kulikuwa na watu kadhaa wa kanisa hilo ambao msimamo wao ulikuwa mkali. Samuel Deming alikuwa na duka, darasa likawa ghorofani juu ya duka. Austin Williams akatoa kiwanja chake pakajengwa nyumba ya wanaume kulala, na hiyo nyumba bado iko, iligeuzwa banda la magari ya farasi. Wasichana, Margru na Teme na Kague, wakakaa kwa familia. Walikaa kuanzia Machi hadi Novemba 1841, wakasoma, wakalima shamba, na Jumapili walikuwa wanaenda hilo hilo kanisa unalompeleka bibi. Kwahiyo ndio, bibi amekwambia ukweli mtupu.

Na huyo wa makaburini anaitwa Foone. Mwezi wa Agosti alikwenda kuoga kwa lile bwawa la mfereji wa mashua akazama. Alikuwa muogeleaji mzuri, na wenzake walisema kabla ya hapo alikuwa na huzuni sana, akisema akifa ataenda kumuona mama yake. Kaburi liko Riverside, chini kuelekea mto. Nenda umwone.

MtuWaPwani ameandika:

Nimesoma yote kwa makini na nashukuru, ila naomba tusiache picha ya mji mzuri wenye watu wazuri waliofungua milango. Dada atakapokaa kwenye kile kiti ajue vyote.

Connecticut utumwa ulikuwepo. Sheria ya kuufuta polepole ilikuja 1784, ikiwahusu watoto watakaozaliwa tu, na kufutwa kabisa ni 1848, yaani miaka saba baada ya Amistad. Na wachungaji wa Kongregesheni wenyewe walimiliki watu. Jonathan Edwards, ambaye wanamtaja kama mwanateolojia mkubwa kuliko wote Marekani, mchungaji wa Northampton kule Massachusetts, mwaka 1731 alikwenda Newport akanunua msichana anaitwa Venus. Hati ya mauzo ipo. Mchungaji, mimbari ya kanisa la aina hii hii, mji mdogo wa aina hii hii.

Na kingine. Yule jaji wa chini aliyewapa haki watu wa Amistad, Andrew Judson, ni yule yule ambaye 1833 katika kijiji chake cha Canterbury, Connecticut hapo hapo, aliongoza watu kumpinga mwalimu Prudence Crandall kwa sababu alifungua shule ya wasichana weusi. Nyumba yake Judson ilikuwa karibu kabisa na hiyo shule. Bunge la jimbo likatunga sheria ya kuizuia, mwalimu akalala jela, duka halimuuzii, kisima kikatiwa mavi, mwisho madirisha yakavunjwa usiku akafunga. Miaka sita baadae mtu yule anakaa kwenye kiti cha jaji anasema Wamende walizaliwa huru. Mimi sijui kama moyo ulibadilika au sheria ilimbana, lakini nilipojua hayo nililala nikiwaza.

Hata Farmington hawakuwa wote pamoja. Waliosimama na Wamende walikuwa kundi, wengine kanisani humo humo waliona hii habari ya kupinga utumwa inaleta fujo, maana wafanyabiashara wa huko waliuza bidhaa zao kusini. Hiyo ndo hasara ya kanisa lisilo na askofu, kila jambo zito mnaligombania wenyewe ndani kwa ndani, na ndo faida yake pia, kwa sababu wachache wenye msimamo hakuna mtu wa juu wa kuwanyamazisha.

Na nauli. Hawa watu walikuwa huru kisheria lakini ili warudi kwao ilibidi wazungushwe makanisani wasome Biblia kwa Kiingereza, waimbe, Sengbe asimulie mapinduzi ya meli kwa Kimende, sadaka ikusanywe. Najua waliowazungusha walikuwa na nia njema. Lakini jiweke mwenyewe hapo, umetekwa, umepona, na sasa unasimama mbele ya watu Jumapili baada ya Jumapili unasimulia mateso yako ili upate nauli ya kurudi kwa mama yako. Mimi linaniuma.

Dereva_NewHaven ameandika:

MtuWaPwani sikubishii hata moja. Naongeza tu walivyorudi. Novemba 1841 wakaagwa, tarehe 27 wakapanda meli inaitwa Gentleman hapo New York, watu 35 waliobaki kati ya 53 wa kwanza. Hesabu hiyo mwenyewe. Wakaenda na wamisionari watano, wawili kati yao ni watu weusi, Henry Wilson na mkewe Tamar. Januari 1842 wakafika Freetown, na wengi walipokanyaga tu wakatawanyika kutafuta ndugu zao, jambo ambalo wamisionari liliwasikitisha lakini mimi nawaelewa kabisa. Margru ndo alirudi tena Marekani kwa hiari yake, akasoma chuo cha Oberlin, akarudi Sierra Leone kufundisha kwa jina la Sarah Kinson. Na ile kamati iliyowatetea ilikuja kuungana na vikundi vingine 1846 kuwa shirika la wamisionari lililoanzisha shule nyingi za watu weusi baada ya vita vya Marekani, Fisk na Talladega zimetoka hapo.

MnyamweziWaUrambo ameandika:

Wakuu nimeingia kuchungulia tu lakini mwalimu umetaja Kongregesheni na mimi nimeshtuka, maana hawa watu walifika kwetu Urambo kabla ya Mjerumani. Sisi huku tunajijua Wamoraviani lakini mizizi ni hiyo.

Shirika la umisionari la London, LMS, sehemu kubwa ya watu wake na sadaka zake zilitoka kwenye makanisa ya Kongregesheni ya Uingereza, vijiji na miji midogo kama hiyo ya dada. Livingstone mwenyewe alikuwa mtu wao, familia yake ilisali kanisa la namna hiyo mjini Hamilton, Scotland. Baada ya yeye kufa tajiri mmoja wa Leeds, Robert Arthington, akatoa pauni 5,000 waanzishe kazi ziwa Tanganyika. 1877 wakatoka Saadani na mikokoteni ya ng'ombe, wakidhani njia itakuwa kama Afrika Kusini, mbung'o wakawamaliza ng'ombe wote wakaishia kubeba mizigo kwa wapagazi kama kila mtu. 1878 wakafika Ujiji. Mmoja wao, daktari Southon, akaja kukaa kwa mtemi Mirambo mwenyewe 1879, na Mirambo alimpenda, walikuwa marafiki kweli. 1882 akajeruhiwa na bunduki kwa bahati mbaya mkononi, wakamkata mkono, haikusaidia akafa, amezikwa kwetu. 1898 kituo cha Urambo wakawaachia Wamoraviani na sisi tukaendelea.

Babu yangu alikuwa anasema wale wa kwanza hawakuwa na mkubwa wa kumwandikia kila kitu, walikaa kikao wanaamua. Nilikuwa sielewi anamaanisha nini mpaka leo nimesoma maelezo ya mwalimu. Asante sana mwalimu, umenifungua.

MwalimuMstaafu ameandika:

Mwanangu wa Urambo, hapo babu yako alikuwa sahihi. Na ndo maana LMS iliposema tangu mwanzo kwamba haitapeleka mfumo wowote wa uongozi wa kanisa kwa watu wapya, waamini wenyewe watachagua, ilikuwa roho ya Kongregesheni inaongea. Kama walilitekeleza hilo Afrika au hawakulitekeleza ni mjadala mrefu.

PapaUvira ameandika:

Jambo ndugu zangu. Miye niko Mkongomani wa Uvira, tulifika hapa Connecticut na familia kupitia kambi. Sitasema mji gani. Kile nataka kusema, kikundi kile kilitupokea uwanja wa ndege kilikuwa cha kanisa la hivi, la mbao jeupe, walituwekea nyumba, vitanda, wali kwenye kabati, na mama mmoja alikuwa amejifunza maneno mawili ya Kiswahili kwenye simu, "karibu nyumbani", alitusomea kwenye karatasi mkono unatetemeka. Leo kusanyiko yetu ya Kiswahili tunaomba saa nane mchana kwenye sale yao ya chini. Pastere wetu siku moja alisema mbele ya wote kwamba tutapiga ngoma kidogo kidogo tusiwasumbue, wazee wao wakakataa, wakasema pigeni.

Dereva, hiyo stori ya profesa anahesabu kwenye bandari nimeisoma kwa watoto wangu jana usiku. Kadogo wangu wa miaka saba akauliza, sasa wale wenyewe walikuwa wanahesabu namna gani? Aksanti sana.

NangaMoshi ameandika:

Wakuu nimerudi, samahanini shifti zilinibana. Nimesoma majibu yote mara mbili, shikamoo mwalimu, na asanteni sana wote. MtuWaPwani nakushukuru pekee yako, bora nijue yote.

Jumapili hii baada ya ibada nilimuuliza bibi kama anaweza kunisindikiza makaburini. Baridi ilikuwa kali nikamfunika mablanketi mawili. Akaniongoza kwa kidole, huku, huku, geuka pale. Jiwe la Foone ni la kawaida, linafanana tu na ya wenzake waliolala pale, liko katikati ya makaburi ya watu wa mji, hajatengwa pembeni. Limeandikwa jina lake, na kwamba ni mzaliwa wa Afrika aliyezama akioga kwenye bwawa Agosti 1841, na kwamba alikuwa mmoja wa watu wa Cinqué kwenye Amistad waliosimamia haki yao na kuichukua meli. Nililisoma lote nikamtafsiria Foone kwa Kiswahili kwa sauti, najua si lugha yake, lakini niliona vibaya kumsomea Kiingereza tu.

Mtu alikuwa ameweka vijiwe vidogo juu ya jiwe, kama sita. Nikatafuta kingine kwenye majani nikaweka. Bibi akasema alipokuwa msichana mama yake alimleta hapa na alimwambia huyu alikuwa anataka kwenda nyumbani. Akaniuliza, na wewe mama yako yupo? Nikamwambia yupo, Machame. Akasema basi twende, mpigie simu, huko sasa ni saa ngapi? Huko ilikuwa saa mbili usiku. Nimempigia mama, bibi akiwa pembeni yangu, wamesalimiana, mama anasema "shikamoo" na bibi anarudia "shikamoo", hawakuelewana kitu kingine.

PapaUvira naomba uniandikie pembeni hiyo ibada yenu ya saa nane iko wapi, Jumapili ya mwisho wa mwezi niko off mchana.